Kumwondoa Wifi Kitini

Jumanne, tarehe 12 Machi, mwaka 2019, Dobi aliingia katika darasa la watu wazima akitembea kama mtu ambaye matokeo yake yamekwisha kutoka. Ulikuwa mtihani wa kupanda hatua ya pili ya Kiingereza. Atakayeshindwa angerudia mwaka mzima pamoja na wanaoanza alfabeti, na Dobi, mama wa watoto wanne aliyefunga duka lake la kufulia na kupiga pasi mapema kila siku ya somo, hakuwa na mwaka wa kuchezea.

Mwalimu alikuwa na namna yake ya kupima. Hakutaka maana ya neno, alitaka litendwe. Kila mwanafunzi aliokota kadi yenye neno la Kiingereza linaloeleza namna ya kufanya jambo, akapewa kazi, akaifanya kwa namna hiyo hadi wenzake walitaje neno. Kila mmoja alikuwa na nafasi mbili tu za kujaribu. Mwanafunzi mmoja, seremala, alifunga mlango slowly, polepole mpaka watu wakapiga miayo, akafaulu.

Dobi akaokota kadi yake: charmingly. Alilikumbuka vyema. Kwa haiba; kwa mvuto unaomlainisha mtu bila kumsukuma.

"Kazi yako," mwalimu akasema, "ni kumwondoa mwenzako kitini. Yule pale dirishani."

Darasa likaguna. Aliyeketi dirishani alikuwa wifi yake Dobi, dada wa mumewe, mwanamke ambaye hakuwahi kumpisha mtu hata mlangoni.

"Karibu, wifi," akasema huyo, akijikita zaidi. "Leo utanibeba na kiti chenyewe."

Dobi akalegeza macho, akailainisha sauti. "Wifi yangu kipenzi, ua la nyumba yetu, nakuomba..."

"Ua tangu lini? Juzi uliniita mwiba!"

Kicheko kikapasuka.

"Lazily! Kivivu!" mmoja akabahatisha.

"Huyo anaumwa," seremala akadakia.

Nafasi ya kwanza ikaenda na maji.

Dobi hakutetereka. Dukani kwake wateja waliokuja wamefura waliondoka wakitabasamu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuitwa ua. Alichofanya siku zote ni kumtazama mtu vizuri mpaka aone jambo linalostahili sifa, kisha akalisifu hilo hilo, basi. Akamtazama wifi yake.

"Wifi, gauni hilo umelishona mwenyewe?"

"Mwenyewe. Kwani vipi?"

"Marinda hayo hayakushonwa yakaliwe. Hebu simama tuone yanavyoanguka."

Wifi akasimama. Akageuka upande huu, akageuka upande ule, darasa likamwitikia, "Eheee!" Alipotaka kuketi, kitini alikuwapo Dobi.

"Charmingly!" darasa zima likalipuka.

"Huo ni ujanja, mwalimu! Mwangushe!"

"Ungekuwa ujanja kama angekudanganya," mwalimu akasema. "Dobi, ulimaanisha?"

"Mwalimu, nimepiga pasi nguo za nusu ya mji huu. Marinda yaliyotulia namna hiyo sijayaona."

Dobi akainuka kumrudishia kiti, lakini mwenzake hakuketi.

"Haya, mpitishe," wifi akasema, akilinyoosha gauni kiunoni. "Ila kwanza niambieni: mgongoni limenikaaje?"

Mwalimu akaandika kwamba Dobi amepanda hatua ya pili.

Nawe uliyefika hapa, usikae na kisa hiki peke yako. Mfikishie mwenzako, na unapomsimulia, msimulie charmingly.