Shamba Lililoshuka na Mto

Mji ule ulikuwa umehama mara mbili, tena polepole kiasi kwamba hakuna aliyeuona ukihama. Gati la kwanza lilijengwa kwa mawe zama zile magogo na nafaka viliposhushwa kwa mto kutoka bara. Sasa lilikuwa katikati ya majani, mbuzi wakilala juu yake, na mtu aliyetaka kuona maji alilazimika kutembea mpaka ajute. Gati la pili liligeuka soko. Mto ulileta mchanga, mchanga ukayasukuma maji, maji yakasogea, na mji ukayafuata kama mtoto aliyeshika upindo wa nguo ya mama yake. Forodha, benki na maduka vikahamia gati la tatu. Waliobaki nyuma wakaitwa watu wa Mji Mkavu, na wao wakajibu kwamba heri ukavu kuliko kukimbizana na maji.

Mtu aliyelipwa kuzuia uhamaji mwingine alikuwa nahodha wa meli ya kuchota mchanga. Mji mzima ulimwita Nahodha Tope. Manahodha wengine walirudi na habari za bandari za mbali. Yeye alikwenda mbele na nyuma pale pale kwenye mlango wa mto, mwaka nenda mwaka rudi, kama mtu anayefagia kibaraza chenye upepo.

"Nahodha, safari ya leo umefika wapi?" walimtania gatini.

"Nimefika chini," alijibu, "na ninyi nyote mko njiani mnakuja."

Meli yake mabaharia waliiita Mlafi. Ilishusha bomba refu kama mkonga, ikafyonza mchanga wa sakafu ya mto, na tumbo likijaa ilikwenda kuumwaga kwenye kinamasi kando ya gati la pili. Kwa miaka mingi kinamasi kile kilijazwa kikawa nchi kavu, na watu, ambao hawana aibu kwa majina, wakakiita Matapishi. Mfanyakazi wa bandari aliyetaka kipande cha kulima huko alipewa. Mke wa nahodha, fundi cherehani asiyejua kukaa bure, alichukua kipande pale ambapo wenzake waliona kaa watupu. Baada ya muda ndiye aliyewauzia mboga wale wale waliomcheka.

Basi mwaka huo mvua zilinyesha bara kama zimetumwa. Mto ukavimba, ukashuka na kila kitu. Siku moja, mchana kweupe, meli ya ngano ilipwelewa katikati ya njia ambayo Mlafi ilikuwa imeichimba wiki iliyotangulia. Hakuna aliyeumia. Lakini ilisimama pale upande, imeinama kama ng'ombe aliyekataa kuvuka, na mji wote ukaja kutazama. Rubani aliyekuwa akiiongoza aliteremka na mashua, akampita nahodha bila salamu. Wawili hao walikuwa wamekunywa chai meza moja miaka yote.

Mkuu wa bandari alimwita ofisini. Alikuwa mtu wa haki, na hilo ndilo lililofanya maneno yake yaume zaidi.

"Sikukuita nikulaumu, nahodha. Vipimo vyako nimeviona, umechimba ulivyopaswa. Ila mto unaleta kuliko tunavyotoa."

"Tutafanya zamu mbili."

"Tutafanya. Lakini meli kubwa zitahamia bandari mpya, kule nyuma ya rasi, kwenye kina. Hapa tutabaki na vyombo vidogo, kama njia itabaki wazi." Akafunga daftari la vipimo. "Kama."

Nahodha alirudi melini, akasimama juu ya tumbo la Mlafi akitazama kilichochotwa asubuhi ile. Alipoanza kazi, mto ule ulileta mchanga mweupe, msafi, wa kutia mkono. Sasa palikuwa na tope jekundu, zito, lenye mizizi na mabua ya mahindi. Akachota kidogo, akalifikicha. Wekundu ule aliujua. Ndio mama yake aliokuwa akisiriba nao sakafu, na ndio uliomchapisha viboko shuleni kwa kuchafua kaptula. Maana nahodha hakuwa mtu wa pwani kwa kuzaliwa. Alizaliwa juu, kwenye vilima, mahali ambapo mto huo huo mtoto aliuruka kwa mguu mmoja wakati wa kiangazi.

Jioni alimwambia mkewe, "Nataka kwenda kwa kaka."

Mkewe akasimamisha cherehani. "Kuna msiba?"

"Hakuna."

"Basi kuna nini? Wewe kwa kaka yako huendi bila jeneza."

Hakukosea. Siku ya kumzika mama yao, kaka mtu alisema mbele ya watu kwamba ardhi ni ya aliyebaki nayo, na kwamba mdogo wake sasa ni ndugu wa samaki. Yeye akajibu, "Kaa nayo yote." Maneno mafupi, lakini yalitosha kuwanyamazisha miaka mingi.

Alipanda lori la mbao, akafika akiwa mwekundu wa vumbi kuanzia kope. Kaka yake alimpokea vizuri, akachinja kuku, akaulizia watoto mmoja mmoja. Kulipopoa akamchukua kumwonyesha shamba, kwa fahari ya mtu aliyejenga ghorofa.

"Unakumbuka hapa palivyokuwa?" aliuliza walipofika kando ya mto.

Nahodha alikumbuka. Palikuwa na msitu mzito ambao watoto walikatazwa kuuingia. Sasa mahindi yalishuka kilima kwa mistari iliyonyooka mpaka yakachovya miguu majini. Kati ya mistari palikuwa na makorongo, mengine ng'ombe angeweza kujificha ndani na asionekane pembe.

"Kaka," alisema, "shamba lako liko kwangu."

"Unasemaje?"

"Liko bandarini. Nalizoa kila siku kwa bomba. Meli ya ngano imepwelewa juu yake."

Kaka mtu alicheka mpaka akashika kiuno. "Basi si unirudishie!" Kisha kicheko kikakatika. "Ngoja. Umepanda lori lote lile kuja kuniambia nimekuharibia kazi?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Mto mkubwa huu, wakulima wamejaa huku na huku, halafu mimi peke yangu ndiye ninayejaza bahari?"

"Haba na haba, kaka…"

"Usiniletee methali. Mimi ndiye niliyekufundisha hiyo." Akapiga jembe chini. "Wanangu wakubwa nimewagawia, amebaki kitinda mimba. Ana mchumba, na baba wa mchumba anauliza kijana ana nini. Ningempa nini mimi, hewa? Ndiyo nikafyeka mpaka hapa. Na hapa penyewe, kila mvua panaliwa. Unadhani shamba langu silioni? Naliona. Nalala nalisikia likidondoka."

Nahodha alikuwa amekuja na hasira ya mtu aliyejua mkosaji ni nani, na sasa mkosaji alikuwa mzee mwenye mgongo uliopinda, amesimama kwenye ukingo unaommegukia miguuni. Wakarudi nyumbani. Asubuhi waliagana kwa adabu, kama wageni.

Mwezi haukuisha, mke wa nahodha akasikia hodi. Kufungua, shemeji yake huyo mlangoni, amevaa koti la mazishi na harusi, na nyuma yake kijana mrefu, kitinda mimba wake, amebeba gunia.

"Shemeji, karibu! Kwema huko?"

"Kwema. Nimekuja kuona shamba langu."

Katika umri wake wote mzee yule alikuwa hajawahi kuona mto wake unakoishia. Nahodha aliwapandisha yeye na mwanawe kwenye Mlafi, wakatoka hadi kwenye mlango wa mto maji yalipokuwa yakipwa. Hapo mto ulikuwa ukijimwaga baharini, na wekundu ulitandaa juu ya buluu hadi macho yakachoka kuufuata. Mabaharia, ambao kwa kawaida wangekuwa na utani, walimwona mzee anavua kofia na wakaendelea na kazi zao.

"Yote haya ni udongo?" aliuliza.

"Yote."

"Wa juu kwetu."

"Wa juu kwetu na kwa wengine, kaka. Ulisema kweli. Si wako peke yako."

Mzee akarudisha kofia kichwani. Aliuliza tu mchanga unapelekwa wapi, naye nahodha akawapeleka Matapishi kwa miguu. Mkewe alikuwa huko akipalilia. Mboga zilikuwa zimefika magotini, mabamia kama vidole vya jitu, maboga yamelaliana. Kaka mtu akainama, akabomoa bonge la udongo, akalinusa. Alilishika muda mrefu.

"Shemeji, mbolea unaweka gani?"

"Mbolea ya nini? Huku ukisahau fimbo inachipua."

Mzee akacheka, na kicheko kikageuka njiani, ikabidi ajifute uso kwa mkono ule ule wenye udongo. "Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao," alisema. "Mimi janga nimechuma, shemeji yangu akala mabamia."

Ndipo nahodha, kwa huruma iliyomtangulia akili, akasema kwa sauti, "Kaka, kijana achukue nusu ya shamba hili. Wewe uuachie mto ukingo wake, miti irudi."

Mkewe akajinyoosha, kajembe mkononi.

"Nusu ya shamba la nani?"

Wakarudi, yeye ametangulia na kajembe begani. Nyumbani, wageni walipokuwa uani wakiosha miguu, mkewe alimkabili chumbani kwa sauti ya chini, na sauti yake ya chini ilikuwa mbaya kuliko kelele.

"Kinamasi kile nani alikuwa wa kwanza kukipanda? Nani alipigana na kaa, na chumvi, na vicheko vya watu? Wewe ulimwaga tope ukaenda zako. Leo unaligawa kama pilau ya sherehe."

"Nimekosa."

"Umekosa sana. Tena umeniweka pabaya. Nikikataa, mimi ndiye mke mchoyo aliyewatenganisha ndugu."

"Nitamwambia kaka nilikurupuka."

"Hutamwambia kitu. Umeshasema ya kutosha."

Wakati huo huo kikohozi kikasikika mlangoni. Alikuwa kijana.

"Mama mdogo, samahani, kuta ni nyembamba. Mimi sikuomba shamba. Kesho narudi na baba."

Mama mdogo wake akamtazama juu mpaka chini, kama anayempima nguo. "Unajua kuchimba mtaro?"

"Ndiyo. Kwetu nimechimba mingi, mvua ikaifukia."

"Kalale."

Asubuhi, chai ilipokwisha, mwanamke yule alizungumza na shemeji yake moja kwa moja, mumewe akiwa pembeni kama shahidi aliyesahauliwa.

"Shemeji, nusu sitoi. Natoa kile kipande cha chini, ambacho bado kinameza magoti. Ni kikubwa kuliko changu, ila kina maji. Kijana akikikausha, ni chake, nami nitamsemea kwa mkuu wa bandari. Lakini sharti si lake, ni lako. Mahindi yapande juu, na mistari ilale kukata kilima, isishuke. Ukingo uuache. Nikisikia umelima tena hadi majini, napanda lori nije mwenyewe."

Mzee alikuna kidevu. "Na jirani zangu wakiendelea kulima hadi majini?"

"Jirani zako sina kipande cha kuwapa."

Akafikiri kidogo. "Haya," alisema, "ila usije na lori. Nitakuja kukuchukua."

Kijana alibaki. Alichimba mtaro msimu mzima, akachomwa jua la pwani ambalo halina mzaha, na mara mbili maji ya bahari yalimrudisha alikoanza. Mwaka uliofuata alivuna kidogo, wa baada yake akavuna vya kumwonyesha baba wa mchumba. Walifunga ndoa bila makuu.

Meli kubwa hazikurudi. Zilihamia nyuma ya rasi kama mkuu alivyosema, zikafuatwa na mawakala, benki na nusu ya maduka. Rubani naye alihamishwa. Siku ya kuondoka alikuja melini, akakaa kwenye pipa, akanywa chai na nahodha bila kutaja ngano. Gati la tatu likabaki na vyombo vidogo, vya kubeba mbao, simenti na chumvi, na Mlafi ikaachiwa kazi ya kuvifungulia njia. Watu wa Mji Mkavu walisema, "Karibuni," na haikujulikana kama ni utani.

Huko juu kaka mtu aliuacha ukingo. Jirani walisema karogwa na bahari. Misimu kadhaa baadaye wawili wakamwiga, wengine wakaendelea walivyozoea. Vichaka vikaota kando ya mto, kisha miti midogo, yenye kupinda.

Siku hizi kila mvua kubwa inapokatika bara, simu ya nahodha hulia. Kaka yake hana salamu ndefu.

"Leo rangi gani?"

Nahodha hutoka nje, huegemea reli, huyatazama maji yanayoshuka.

"Nyekundu bado, kaka."

"Sana?"

"Kama juzi."

Upande wa pili mzee husema, kwa uhakika wa mtu aliyehesabu majani ya shamba lake, "Basi hiyo si yangu. Yangu nimeishikilia."

Nahodha anajua kwamba hakuna bomba wala bildi, ile timazi ya kupimia kina, ya kumwonyesha udongo upi umetoka kwa nani. Ukishafika mlangoni umeshakuwa mmoja.

"Kweli kaka," humjibu. "Si yako."

Kisha huweka simu mfukoni, hupiga filimbi, na bomba linashuka.