Kikapu cha Msusi

Msusi alikuwa na ulimi usiohitaji kunolewa. Siku mkulima alipoleta vikapu vya mboga saluni, mahali majirani waliomlipa kabla ya msimu walipozoea kuvichukulia, aliinua cha kwake kwa kidole kimoja.

"Hiki kikapu au hirizi?"

Wateja wakaangua kicheko, hata yule aliyefumuliwa nusu kichwa.

"Mvua ya mawe imetupiga, shoga," mkulima alisema, macho chini. "Mchicha wote umechanika."

"Mimi nililipa kabla hujashika jembe. Mvua ya mawe nayo niilipie?"

Ndivyo hasa walivyopatana: msimu ukinona washibe wote, ukikonda wafunge mkanda wote. Msusi mwenyewe aliwavuta majirani kwa maneno hayo hayo. Lakini utani ulishakolea na chumba kilikuwa kinacheka. Akamwacha mwenzake atoke bila kuagwa.

Juma lililofuata kikapu kilikuja kimefura: mchicha, biringanya, nyanya kubwa kama ngumi.

"Mnaona?" msusi akatamba. "Mtu ukimbana, anatoa."

Jioni alipitia sokoni kununua vitunguu. Muuza mboga akampokea kwa bashasha.

"Shoga yako mkulima kanimalizia mchicha asubuhi! Nikamwambia, leo samaki kaja kununua maji? Hata hakucheka. Kakaa hapo hapo, kafungua mafungu yangu yote, kayafunga upya kwa kamba zake za mgomba."

Msusi aliondoka bila vitunguu, uso unamwaka.

Kesho yake hakufungua saluni. Njia nzima ya kwenda shambani alipanga maneno, akayapangua. Alimkuta mkulima na mumewe wameinama, wanapandikiza miche katikati ya majani yaliyotoboka kama chujio. Mkulima alipomwona aliinuka upesi, akajifuta mikono. Hata salamu hakutoa.

"Kuna kilichopungua, shoga? Sema tu, nitatafuta."

Msusi akachuchumaa kando ya miche.

"Hakuna kilichopungua," alisema, kwa sauti ambayo wateja wake wasingeitambua. "Ulinunua sokoni. Nimejua. Nisamehe."

Mkulima akatazama pembeni kama mtu aliyefumaniwa. Hapo ndipo msusi alipotamani ardhi ipasuke: kosa lilikuwa lake, na bado mwenzake ndiye aliyeinamisha kichwa.