Majira ya Tano

Eustolia Bracamonte alikuwa na miaka sitini na tisa, na penzi lilikuwa limempanda kichwani kama msichana wa shule. Aliimba akiosha vyombo. Alitia chumvi kwenye kahawa, akainywa, akaisifia.

Wa kulaumiwa alikuwa Wendell Hatch, mgane wa miaka sabini na mbili aliyehamia kusini mwa Arizona kutoka Ohio, akapanga nyumba mkabala na posta ambako Eustolia alifanya kazi mpaka akastaafu. Oktoba iliyopita Wendell alimwomba wafunge ndoa. Eustolia, badala ya kusema ndiyo yakaisha, akajitia maringo. Akamwambia ukoo wao una desturi: anayemtaka binti wa Bracamonte hutembea naye kutoka lango la malisho hadi kwenye pampu ya upepo na kurudi, maili sita katikati ya nyasi, katika majira yote ya mwaka. Jibu hutolewa langoni, mwisho wa safari ya mwisho.

"Mchumba wangu wa kwanza alitoroka mwezi wa sita," mdogo wake, Refugia, alipenda kusimulia. "Mpaka leo naushukuru mwezi wa sita."

Wendell akatembea. Oktoba nyasi zilikuwa na rangi ya mkate na zilimfika kiunoni, naye akawa anawapigia swala saluti. Januari maji ya ng'ombe yaliganda, akavunja barafu kwa kisigino aone kama kuna samaki. Machi upepo ulimpokonya kofia ukaipeleka Meksiko, au ndivyo alivyodai. Juni nyasi zilikuwa za kijivu, zinavunjikavunjika chini ya kiatu, na ingawa walianza safari kabla ya jua, waliporudi langoni saa tatu asubuhi uso wake ulikuwa umeiva kama pilipili. Akapiga goti. Goti likalia ka! Akatoa pete.

"Manne," alisema huku akihema. "Nimemaliza, bibie. Haya, sema."

"Manne yapi?"

"Majani kupukutika, baridi, maua, joto. Mbona unanikodolea macho?"

"Mzee wangu, hiyo hesabu ni ya Ohio. Huku majira ni matano. Bado mvua."

Wendell hakuinuka. Aliangalia mbingu, hakukuwa na wingu hata la dawa. "Zinakuja lini hizo mvua?"

"Wazee husema siku ya Mtakatifu Yohane. Tarehe ishirini na nne mwezi huu."

"Maana mkataba wangu wa nyumba unakwisha Julai thelathini na moja. Nimeshamwambia binti yangu nikikataliwa narudi kwake."

"Nani amekukataa?"

"Kwani nani amenikubali?"

Eustolia alimvuta mkono ainuke, akashika njia ya nyumbani. Majuto ni mjukuu, na wa kwake alianza kutambaa jioni ileile.

Siku ya Mtakatifu Yohane watu walikwenda mtoni kumwagiana maji kama kawaida, wakakuta mchanga mtupu. Refugia akamwagia dada yake ndoo ya bomba, ili mkosi umtoke. Haukutoka. Kila alasiri mawingu yalijazana juu ya milima, yakanguruma, yakaondoka zake. Julai kumi, bila bila. Julai ishirini, vilevile. Kupitia dirisha la nyumba yake, jirani na posta, Eustolia aliona maboksi yakipangwa sebuleni kwa Wendell, na roho ikamwuma.

"Mpe jibu lake, dada. Nani atajua?" Refugia alisema.

"Baba atajua."

"Baba yuko makaburini."

"Ndiyo hapo sasa. Ana nafasi ya kutuangalia mchana kutwa."

Julai ishirini na nane, saa tisa alasiri, mbingu zilifunguka. Mvua ilipiga mabati mpaka Eustolia akatoka nje na aproni yake, akacheza barabarani, na ng'ambo ya pili Wendell naye alikuwa anacheza na soksi zake. Kesho yake mto ulifunga njia. Tarehe thelathini alfajiri walikuwa langoni wote wawili, kila mmoja akijifanya ndiyo kwanza amefika.

Nyika ilikuwa imeanza kuota kijani, hapa na pale, kama ndevu za kijana. Vyura waliokuwa wamejizika ardhini mwaka mzima walipiga kelele katika kila dimbwi. Tope lilinasa viatu vikawa vizito kama matofali. Wendell alianguka mara mbili, Eustolia mara tatu, na kila mara walicheka mpaka mbavu zikauma. Waligusa pampu, wakageuka. Ilipobaki nusu maili, Eustolia uvumilivu ulimshinda.

"Ndiyo!" alipiga kelele.

Wendell akaziba masikio. "Sijasikia kitu."

"Nimesema ndiyo, wee mzee!"

"Langoni! Nimekula vumbi miezi tisa nipewe jibu langoni. Hunipi hapa kwenye tope kama peremende ya kumnyamazishia mtoto."

"Basi kimbia!"

Wakakimbia. Kama kule ni kukimbia, maana kobe angewapa shikamoo akapita. Sketi ilimganda miguuni, goti la mwenzake likalia ka, ka, ka, na wote wawili walikuwa wanacheka bila pumzi. Eustolia alifika kwanza, akalishika lango kwa mikono miwili, akageuka ili aseme.

Akamsubiri afike.

Wendell alisimama mbele yake akitiririka tope. Hakuwa anacheka tena. Midomo yake ilitetemeka, na ndipo Eustolia alipotambua jambo ambalo mizaha yote ile ilikuwa imemficha: mtu huyu alikuwa anaogopa. Katika kila safari, kila hatua, alikuwa ametembea akiogopa kwamba jibu lingekuwa hapana.

"Ndiyo," alisema Eustolia, akamfuta tope usoni kwa kiganja. "Tangu Oktoba, Wendell. Ilikuwa ndiyo tangu Oktoba."