Magodoro ya Nje

Kikao cha wazazi kilifika kwenye suala la stoo saa sita kasoro, wakati Mwanaamina ameshaanza kuwaza maharage aliyoyaacha jikoni. Mkuu wa shule, Mwalimu Benedikta, alieleza kwamba stoo ni moja na haitoshi. Kuna magodoro manne makubwa ya mchezo wa kuruka kwa upondo, ule mti mrefu, yale ya kudondokea mtoto akishavuka kijiti cha juu. Na kuna viti, sufuria na maturubai ambayo wazazi walinunua kwa michango yao, ili mwenye shughuli asihangaike kukodi. Magodoro yamevishwa plastiki ngumu, alisema, yanaweza kukaa uwanjani tu.

Mwalimu wa michezo, Deogratias, alisimama akasema plastiki ina mishono, mvua inapita kwenye mishono, na sponji ikishalowa haikauki tena, inaoza. Wazazi wakamwambia akae, watu wana kazi zao.

Mwanaamina alinyoosha mkono pamoja na wenzake, magodoro yakae nje. Mdogo wake, Fadhila, alikuwa anaolewa baada ya mfungo wa mwaka unaofuata.

Na huyu ni mwanamke ambaye nyumbani kwake, mtaa wa Picha ya Ndege, hajawahi kuacha godoro linyeshewe. Mtoto akikojoa, godoro linaegemezwa ukutani nje asubuhi, na wingu likijitokeza tu anaacha mboga motoni akaliingize ndani. Lakini lile lilikuwa la shule.

Magodoro yakakaa nje mwaka mzima. Masika yakayanywesha, kiangazi kikayapika, vuli ikayanywesha tena. Kwa juu yalibaki ya bluu, mazuri. Ukiinua pembe moja maji meusi yanachuruzika, na ndani kulikuwa na uyoga, na kenge mmoja aliyezoea kutoka saa nne kuota jua.

Jumatatu moja, saa kumi alasiri, Hamisa, binti yake Mwanaamina, mwenye miaka kumi na sita, alikimbia na upondo wake, akauchomeka, akapanda, akavuka kijiti bila kukigusa. Alipofika juu akapinda shingo, akaliona godoro. Akabaki hukohuko.

Alibaki hewani mita tatu hivi kutoka chini, amejinyoosha kama mtu aliyelala mkekani. Wenzake walimngoja kidogo, kisha wakahamia kwenye kurusha mkuki, wakiambiana wasirushe upande wa Hamisa.

Mwalimu Deogratias akapiga simu. "Mama Hamisa, mtoto hajambo. Ila hajashuka."

Mwanaamina akaja na kanga ya kubadilisha, akasimama chini ya mwanawe.

"Shuka twende nyumbani."

"Sishuki, mama. Huko chini hakuna kitu."

Basi wakazoea. Kwenye daftari la mahudhurio aliandikwa yupo. Wali alipelekewa kwenye kopo lililofungwa ncha ya upondo, na mvua ikinyesha alipelekewa mwavuli kwa njia hiyohiyo. Mwalimu wa hesabu alilalamika mara moja kwamba siku ya mtihani anaona madaftari ya wote kupitia dirishani. Wavulana waliokuwa wakikwepa kufagia walimwambia awe anawaangalizia mwalimu wa zamu, naye akawa anawaangalizia, mara nyingine anawadanganya akacheka peke yake kule juu.

Lakini kila siku alikuwa anashuka kwa upana wa kidole. Mwanaamina aliliona hilo kwa sababu mwanzoni kopo lilihitaji upondo mrefu, na sasa upondo ulikuwa unazidi. Akaenda ofisini kuomba magodoro mapya kabla mtoto hajachoka. Mwalimu Benedikta akamjibu kwa upole kwamba magodoro yapo na kwenye orodha ni mazima, mtoto ndiye hataki kuyatumia. Mwanaamina akaomba basi yale yaingizwe stoo yakauke, viti vitoke nje. Mwalimu akafungua daftari la viti, akamwonyesha. Vilikuwa vimeshaombwa mpaka mwezi wa kumi. Jina la kwanza, la Jumamosi ile, lilikuwa lake.

Mwanaamina hakulifuta. Jumamosi viti vikapakiwa kwenye gari, vikapita chini ya Hamisa.

"Ndiyo vya harusi ya mama mdogo?" akauliza.

"Ndiyo mwanangu. Nitakuletea pilau."

Na kweli alimletea.

Siku ya michezo ya wilaya shule ikapata mgeni rasmi. Magodoro yalivishwa turubai jipya lililoshonwa Zegereni, likafungwa kamba kila pembe. Mgeni alipopita uwanjani, Hamisa akamwamkia, "Shikamoo." Mgeni akatazama juu, akaambiwa ni mwanafunzi, ana adabu, hajashuka tu. Akasema adabu gani hiyo, mtoto anamwamkia mkubwa akiwa juu ya kichwa chake. Ashuke amsalimie vizuri.

Watu wote wakamgeukia Mwanaamina. Akasogea, akabonyeza turubai kwa kiganja. Likabonyea, maana hewa ilikuwa imenaswa kati ya turubai jipya na plastiki kuukuu.

"Linabonyea," akasema. "Shuka."

"Umefunua, mama?"

Kamba zilikuwa zimekazwa, na mgeni alikuwa anatazama saa yake.

"Nimefunua."

Hamisa akashuka. Hakushuka kwa upana wa kidole. Turubai likapasuka, maji meusi yakaruka mpaka kwenye viatu vya mgeni, na kenge akatoka akaenda zake. Mgeni alipewa kitambaa cha kufutia. Kisha ratiba ikaendelea na mbio za kupokezana vijiti.

Sasa Hamisa yupo Kisarawe kwa bibi yake, kwenye godoro la sufi. Miguu haina habari naye. Bibi anamgeuza asubuhi na jioni. Hamisa hamlaumu mtu. Akisikia ngurumo tu ndipo anauliza kama kuna godoro limeachwa nje.

Mwezi uliofuata Mwanaamina alirudi shuleni kuchukua karatasi za uhamisho. Uwanjani magodoro yalikuwa palepale, turubai limetiwa kiraka. Juu yake, hewani, alikuwepo binti anayeitwa Agape, tangu Jumatano. Chini alisimama mama yake, mtu wa Mlandizi, ameshika kopo la ndizi za kupika.

Mwanaamina akamwambia, "Mama Agape, usibonyeze. Funua uone." Akaeleza yote, hata ule uongo wake.

Mama Agape akamsikiliza mpaka mwisho. Akasema pole sana dada. Akasema pia kwamba mwanawe mdogo anapata kipaimara Jumapili na viti ameshaviomba, hataki kugombana na ofisi.

Mwanaamina akainama mwenyewe kwenye fundo la kamba. Mlinzi, mzee Shabani, akamshika mkono taratibu, akamwambia mtoto wake ameshahama, kwa hiyo yeye si mzazi wa shule hii tena. Akamsindikiza mpaka getini.

Nyuma yao Mama Agape aliweka kopo chini, akalaza kiganja juu ya turubai.

"Umefunua, mama?" Agape akauliza kule juu.

"Nimefunua."