Chumvi Ndani ya Sefu

Mlango wa sefu uligoma. Baba mdogo alizungusha ufunguo, akavuta, akakanyaga ukuta kwa mguu mmoja na kuvuta tena huku jasho likimtiririka, nasi wengine tumejipanga nyuma yake katika ofisi ile finyu, kama watu wanaosubiri mtu atolewe kisimani. Ulipoachia, matone mawili matatu yaliteleza kwenye ukingo wake wa ndani na kudondoka sakafuni. Niliyaona mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. Kwa miaka minne nilikuwa nikilala na kuamka nikiyaona.

Halafu ikaja harufu ya chuma kilicholala majini. Shangazi alijifunika pua kwa mtandio wake. Mgeni wetu kutoka makumbusho, mtu mrefu, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni, alitandaza karatasi juu ya meza. Alivaa glavu zake za pamba kidole kimoja kimoja, akaingiza mikono ndani ya sefu na kulitoa sanduku la baba yangu. Kitako cha sanduku kikabaki ndani.

Nina miaka hamsini na mmoja sasa. Siku ile nilikuwa na ishirini na minane. Watu huniambia kwamba muda ukipita mtu hupoa. Mimi sijapoa, na wala sijawahi kujipepea.

Baba alikuwa fundi saa. Alifanya kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, mezani karibu na dirisha, lenzi imekwama jichoni, na mtu akiingia alimtazama kwa jicho lile lililobaki. Majirani walimwita Kiangazi, kwa sababu mawingu yakitanda tu, wakati wenzake wanakimbilia kuanua nguo, yeye alikuwa anakimbilia sarafu zake. Alikuwa nazo mia mbili na kitu, za zamani, nyingine za fedha, nyingi za shaba, na alizilinda dhidi ya maji ya hewani kama mama anavyomlinda mtoto mwenye pumu.

Nilijifunza kwake kabla sijajua kusoma vizuri. Sarafu hushikwa ukingoni, kwa ncha za vidole viwili, maana jasho la mtu lina chumvi, na alama ya kidole unayoiacha leo utaikuta imejichora kwenye shaba mwakani. Kila moja ilikaa katika bahasha yake ya karatasi nyeupe. Gazeti hakulitaka kabisa. Plastiki laini aliichukia zaidi, kwa sababu ikizeeka inatoa utomvu wa kunata unaoigeuza shaba kijani. Mjomba mmoja aliwahi kupendekeza zisuguliwe kwa limau ili zing'ae, na baba akamtoa nje na kikombe chake cha chai mkononi.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ilikuwa siku ya kukaanga. Kati ya zile bahasha baba aliweka vifuko vya kitambaa vyenye chembe za kunyonya unyevu. Zikiwa kavu zilikuwa za buluu. Zikishiba maji ziligeuka waridi. Basi tulizimwaga kwenye kikaango kikavu, juu ya moto mdogo, mimi nikikoroga kwa mwiko, mpaka buluu irudi. Tulisubiri zipoe, tukazirudisha. Jirani yetu alisikia siku moja chakachaka za kikaango bila harufu yoyote, akachungulia dirishani.

"Leo mnakaanga nini humo?"

"Unyevu," baba akamjibu bila kucheka. "Karibu."

"Asante, nimeshiba," akasema, na kuanzia hapo akawasimulia watu wote wa mtaa kwamba kwa fundi saa wamekuwa vichaa.

Alizozipenda kuliko zote zilikuwa za shaba zenye tundu katikati. Alitaka moja ya kila mwaka, bila pengo, na pengo lilikuwa moja tu, mwaka mmoja uliomnyima usingizi kwa muda wa miaka kumi na mmoja. Aliikuta sarafu hiyo kwenye kopo la vifungo la fundi cherehani, imeshonewa uzi mweusi tayari kufunga koti la mtu. Alirudi nyumbani anakimbia, mzee mzima, miwani mkononi. Sijawahi kumwona binadamu amefurahi namna ile.

Ndugu zake walimcheka. Anakusanya vyuma, walisema. Mwenzake anajenga, yeye anafunga vyuma kwenye bahasha. Mimi peke yangu baba aliniambia alichokuwa anataka. Alitaka zikae makumbusho, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuingia na kuziona, na pembeni kuwe na kadi yenye jina lake. Basi. Aliwaandikia mara mbili. Jibu lilichelewa, naye hakulisubiri. Moyo wake ulisimama mezani pale pale, saa ya mteja ikiwa wazi mbele yake.

Siku ya tatu baada ya mazishi baba mdogo alikuja na gari lake la mizigo. Alikuwa na duka kubwa la vifaa vya ujenzi, na watu walimwita Bwana Tani. Alisimama mlangoni, akalitazama sanduku, akasema kitu cha thamani hakikai na binti ambaye kesho ataolewa aondoke nacho. Mama alikuwa amechoka kwa kulia. Alitikisa kichwa, na mpaka leo sijui kama alikubali au alikuwa anafukuza nzi.

"Sawa, baba mdogo," nikasema. "Ila niruhusu nije mara moja kwa mwezi. Kuna vifuko vya kukausha."

"Sefu yangu haifunguliwi ovyo."

"Ni dakika kumi tu. Shaba ikipata unyevu inaugua."

Alicheka. "Miaka ishirini nauza saruji, mwanangu. Unyevu unataka kunifundisha wewe? Ghalani kwangu naweka makopo ya chumvi ya mawe kila kona. Hata mfuko mmoja haujaganda. Nitaweka na humu."

"Chumvi hapana!" Nilipaza sauti, naye akakunja uso. Nikashusha. "Tafadhali, baba mdogo. Chumvi inavuta maji, halafu ikishiba inayamwaga. Maji yale yatakula shaba yote. Baba alikuwa hataki hata jasho la kidole. Weka chochote, usiweke chumvi."

"Nimekusikia," alisema, akalipakia sanduku kati ya mabati na misumari.

Nilikwenda kila mwezi. Nilikaa kwenye kiti cha mbao dukani kwake, vifuko mapajani vikiwa vya buluu, vya moto kidogo bado, nikimsubiri amalize wateja. Aliniagizia soda. Aliniuliza habari za mama. Kisha akaniambia leo ana haraka, ufunguo uko nyumbani, mwezi ujao. Nilirudi na vifuko vyangu vikiwa vimegeuka waridi njiani.

Mwaka wa pili, mchana mmoja, lori la nondo lilifika naye akatoka kwenda kulisimamia. Funguo zake alizisahau juu ya meza. Sefu ilikuwa ukutani, hatua tatu kutoka nilipokaa. Nilisimama. Nilizishika zile funguo. Nakumbuka uzito wake hata sasa. Nilimsikia huko nje akiwafokea wapakuzi, na nikafikiria akiingia anikute, na shangazi atasema nini, na mama atajificha wapi kwa aibu, binti yake kamwibia baba yake mdogo. Nilizirudisha mezani. Nilizipanga vile vile zilivyokuwa. Nikakaa, nikamalizia soda.

Hasira yangu kubwa iko hapo. Baba mdogo alikuwa mjinga, na mjinga mwenye kiburi, lakini mimi nilijua kila kitu na nikakaa nikanywa soda.

Barua ya makumbusho ilipofika hatimaye, mwaka wa nne, baba mdogo aliisoma kwa sauti mbele ya ukoo mzima, kifua mbele. Vyuma vikawa urithi wetu. Ndipo tukajikuta siku ile ofisini kwake, mbele ya ule mlango uliogoma.

Mgeni aliliweka sanduku juu ya karatasi. Makopo mawili ya chumvi yalikuwa ndani ya sefu bado, yamelika kwa kutu. Chumvi yenyewe ilikuwa uji wa kahawia uliomwagika ukatambaa chini ya sanduku na kuupanda ukuta wake. Bahasha zilikuwa zimeshikana zikawa bonge moja. Alizibandua kwa kibano, moja baada ya nyingine, na kutoka kila moja ilidondoka unga wa kijani kibichi, mwepesi, kama unga wa majani makavu. Za fedha zilikuwa zimeingia weusi lakini uso ulionekana. Zile za tundu zilikuwa zimevimba, maandishi yamelika, mwaka haukusomeka. Nyingine tundu lenyewe lilikuwa limeziba. Niliitafuta ile ya kopo la vifungo. Sikuweza kuitofautisha na wenzake.

"Nani aliweka chumvi?" mgeni aliuliza kwa upole.

"Mimi," akasema baba mdogo. "Kuzuia unyevu."

Nilisikia sauti ikitoka na ilikuwa yangu. Nilimwambia ameua kazi ya miaka thelathini. Nilimwambia baba yangu angeona haya angekufa mara ya pili. Shangazi alinivuta mkono.

"Usimpandishie baba yako sauti! Alikuwa na nia njema."

"Nia njema," wakaitikia wengine, na nyuso zao zikatulia, kana kwamba kitu kimepatikana. Nilitaka kupiga kitu. Karibu mia mbili zimekuwa unga, na chumba kizima kilikuwa kinamwonea huruma mtu aliyezimwagia chumvi! Mama ndiye pekee aliyenitazama. Aliubandua mkono wa shangazi uliokuwa umenishika.

Mgeni alitueleza kwamba za fedha zinaweza kusafishwa. Za shaba zina ugonjwa usiopona vizuri. Itabidi zifungiwe peke yake, mbali na nyingine, ndani ya hewa kavu. Za kuonyesha watu zilibaki kumi na tisa. Akatoa fomu ya kadi, akauliza jina la mkusanyaji liandikwe vipi. Nilimtajia.

"Na la kwangu," akasema baba mdogo. Alikuwa ameshajifuta jasho. "Andika pia kwamba baada ya kifo chake zilihifadhiwa na mdogo wake. Jina langu kamili. Mimi ndiye niliyezitunza miaka yote hii."

Kalamu ya mgeni ilisimama. Alinitazama mimi, na nadhani alikuwa tayari kukataa kwa niaba yangu.

"Andika," nikasema. "Andika alivyosema, neno kwa neno. Weka na hiyo miaka minne. Lakini ninawaomba mzionyeshe zote. Hata hizi za kijani, ndani ya kioo chake, hapo hapo chini ya kadi."

Mgeni alizitazama zile za kijani. "Inawezekana," alisema. Baba mdogo alitabasamu, akamtajia majina yake matatu, herufi kwa herufi.

Chumba kilifunguliwa baada ya miezi saba. Kadi iko upande wa kushoto unapoingia, imechapwa kwa maandishi meusi: jina la baba, kazi yake, miaka yake, kisha kwamba baada ya kifo chake sarafu hizi zilihifadhiwa kwa miaka minne na mdogo wake, na majina yale matatu. Chini yake ziko kumi na tisa za fedha. Chini ya hizo, nyuma ya kioo cha peke yake, ziko zile nyingine. Walimu hupeleka wanafunzi. Mtoto akiuliza hizi zimepatwa na nini, mwenye kuwatembeza huwaambia wasome kadi.

Baba mdogo alivumilia karibu miaka miwili. Nilikuwa nimeshikilia meza ya baba kwa wakati huo, lenzi jichoni, natengeneza saa za watu. Asubuhi moja mwanga uliziba mlangoni nikamwona kwa jicho lililobaki. Tangu siku ile alipolipakia sanduku hakuwa amekanyaga kwetu tena. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akasubiri, nami nilimalizia skrubu niliyoishika.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba." Alizungusha kofia yake mapajani. "Nimepita kule. Watoto wanasoma kwa sauti, mwanangu. Wanasoma jina langu, halafu wanatazama chini."

"Ndiyo."

"Waambie walitoe."

"Wewe mwenyewe ndiye uliyetaka liandikwe."

"Basi waongeze kitu. Waandike kwamba sikujua." Alinyanyua macho. Alikuwa amekonda, na kola ya shati ilimpwaya. "Maneno mawili tu. Kwamba hakujua."

Niliitoa lenzi jichoni, nikaiweka mezani.

"Nilikuambia, baba mdogo. Siku ile ile, mlangoni kwetu, kabla hujalipakia sanduku."

Nilimsubiri aseme nia njema. Nilimsubiri aniulize nazungumza na nani. Alitazama saa zilizoning'inia ukutani, kila moja na wakati wake.

"Uliniambia," akasema.

Nilimpa chai. Aliinywa yote. Aliposimama kuondoka nilifunga droo ya vifaa, nikavaa viatu, nikamsindikiza mpaka kona ya pili, kama mtoto anavyopaswa kumsindikiza mzazi wake, na njiani tuliongea habari za mvua na bei ya mabati. Kadi sikuigusa.