Marehemu Azima Dagoretti Corner

Pikapu ya Ndunge iliitwa Marehemu kabla hata haijaanza kufa. Ndunge aliachiwa gari hilo na mumewe, Nzuki, alipofariki, na majirani wa Kianda, hapo Kibera, wakazoea kusema "gari ya marehemu", mpaka uvivu wa ulimi ukabakisha neno moja. Ndunge hakukasirika. Nzuki mwenyewe, enzi za uhai wake, alikuwa mgumu kuwaka asubuhi.

Kazi ya Marehemu ilikuwa kubeba hema na viti vya plastiki vya kukodisha. Kibera haikosi shughuli, na Ndunge hakuwa akikosa kazi Jumamosi. Lakini mwezi wa tatu Marehemu akaanza kutoa moshi wa bluu na kunywa oili kupita kiasi. Ndipo alipojitokeza Ambrose Khaemba, fundi wa magari kule Kawangware, ambaye kwa miezi minane alikuwa akimfuata Mitchelle, binti wa pekee wa Ndunge. Alisema ataifungua injini yote na kuijenga upya, bure.

Ndunge alikubali kazi, hakumkubali mtu. Hakuwa na neno na Waluhya kama Khaemba, alieleza. Neno lake lilikuwa na vijana wenye adabu nyingi, maana Nzuki naye alifika kwao Kitui akiwa amejaa adabu, ikamwishia wiki ya harusi.

Baada ya wiki mbili Khaemba alirudisha gari, injini ikinguruma laini kama paka aliyeshiba. Na alikuwa ameongeza zawadi: kifuniko kipya cha tangi la petroli, cha kung'aa, chenye kufuli na funguo mbili.

"Mama, kile cha zamani kilikuwa kimelegea, kinamwaga," alisema, ameinamisha kichwa. "Hiki hata mwizi wa mafuta atakiangalia tu."

Ndunge alipokea funguo, akalizunguka gari kutafuta kasoro. Hakuiona, akaudhika.

Kasoro ilijileta yenyewe Jumamosi. Alikuwa akipeleka viti kwenye harusi Kawangware, na alipofika Dagoretti Corner, Marehemu alikohoa mara mbili akazima. Honi zikaanza nyuma yake. Mtu wa boda boda alimshauri auze vyuma kwa kilo. Dakika kumi baadaye, bila kufanyiwa lolote, Marehemu aliwaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Alizima tena mbele kidogo ya mlango wa kanisa, na mara ya tatu wakati wa kurudi.

"Mwambie huyo mtu wako gari imekufa," Ndunge alimwambia Mitchelle jioni.

"Imekufa aje, Mum, na umefika nayo hapa?"

"Imekufa na kufufuka mara tatu. Hata Lazaro alifanya mara moja."

Khaemba alikuja siku iliyofuata. Aliwasha gari likiwa limesimama, likanguruma nusu saa nzima bila kutetereka, na Ndunge akaona limemsaliti mbele za watu. Hata hivyo Khaemba alisafisha kabureta na kubadilisha koili. Kesho yake Marehemu akazima Ngong Road.

Ndunge akalipeleka kwa Mzee Ndululu, fundi wa Mashimoni, hapohapo Kibera, aliyekuwa akimtengenezea Nzuki magari, na mtu wa kwao Kitui. Mzee aliinua boneti, akatazama ndani kwa uso wa daktari mwenye habari mbaya.

"Nani alishika hii?"

"Kijana wa Kawangware."

"Basi," alisema Ndululu, kana kwamba uchunguzi umekwisha. Alibadilisha plagi, akabadilisha pampu ya petroli, akaapa kwamba yule kijana alisahau bolti humo ndani. Marehemu akazima kabla hajatoka Kibera. Filister, mwimbaji wa kwaya ya kanisani kwao, aliweka mikono juu ya boneti na kukemea roho ya kusimama. Siku mbili baadaye alisukuma gari hilohilo akiwa amevaa joho la kwaya, na hakukemea tena.

Wiki ya tatu Ndunge aliacha kuuliza watu, akaanza kuliangalia gari mwenyewe. Aligundua jambo la ajabu: tangi likiwa limejaa, Marehemu alizima mapema, likiwa karibu tupu, alifika mbali. Na kila aliposimama kuongeza mafuta, gari lilipata nguvu mpya hata kama aliongeza kidogo tu.

Jibu alilipata kwenye kituo cha petroli karibu na Woodley. Apiyo, dada aliyejaza mafuta pale, aliingiza ufunguo kwenye kile kifuniko cha kung'aa, akakizungusha, na tangi likavuta hewa: fyuuu, ndefu, kama mtu aliyetoka chini ya maji.

"Mathe, tangi yako ilikuwa imeshikilia pumzi," Apiyo alisema.

"Funga. Fungua tena," alisema Ndunge.

Safari hii kimya. Ndunge alisimama pale mpaka gari la nyuma likapiga honi. Alifikiria mkebe wa maziwa uliotobolewa tundu moja: unaugeuza, na maziwa yanakwama ndani kwa sababu hewa haina pa kuingilia. Kile kifuniko kizee, kwa ulegevu wake, kilikuwa kikiingiza hewa. Hiki kipya kilibana. Petroli ikitoka, hakuna kilichoingia mahali pake, mpaka pampu inavuta na haipati kitu, na tangi lililojaa, lisilo na hewa ya akiba, ndilo lililokwama mapema. Ukisubiri, hewa inajipenyeza polepole, na marehemu anafufuka.

Alikitoa, akaziba tangi kwa kitambaa, akaenda Kawangware na kurudi mara mbili, kifuniko kimekaa kiti cha pembeni kama abiria. Marehemu hakukohoa. Ndunge aliimba Kikamba njia nzima, na tusimdanganye mtu, hakuimba kwa sababu gari limepona. Aliimba kwa sababu muuaji ni zawadi ya Khaemba.

Asubuhi alivaa kitenge cha kanisani akaenda gereji. Kutoka Dagoretti Corner alikuwa akipanga hotuba, na ilikuwa na sehemu nne. Alimkuta Khaemba akinywa chai na mafundi wenzake watatu, akafurahi kuona mashahidi.

"Khaemba, nimekurudishia zawadi yako," alisema, akaeleza kila kitu, sehemu ya kwanza.

Alijua kitakachofuata. Nzuki, akionyeshwa kosa, kwanza alikana, halafu alilaumu barabara, halafu serikali, na mwisho mama yake Ndunge. Khaemba alikipokea kifuniko, akakitia mdomoni na kuvuta hewa mpaka mashavu yakabonyea. Wenzake walicheka. Akakitoa.

"Hakipitishi hewa kabisa," alisema. "Nimekosea, Mama. Nilikinunua kwa sababu kinang'aa. Sikukipima."

Ndunge alisubiri neno "lakini". Halikuja. Sehemu tatu za hotuba zikakosa kazi.

"Nani alikuonyesha?" Khaemba aliuliza.

"Hakuna. Niliona mwenyewe. Ukijaza, inazima mbio. Ikibaki kidogo, inaenda."

Wale mafundi waliweka vikombe chini. Mmoja alimwomba arudie hapo pa tangi kujaa, na Ndunge alirudia, kisha akarudia tena bila kuombwa. Khaemba alitoboa tundu dogo kwenye kifuniko, akalipuliza, akakifunga mahali pake, wakaondoka wawili kwenda kulijaribu gari.

Walipofika Dagoretti Corner, Marehemu alikohoa mara mbili akazima.

Khaemba alishuka, akafungua kifuniko. Hakukusikika mvuto wowote. Akalitikisa gari, akatega sikio.

"Mama, mara ya mwisho uliweka mafuta lini?"

Ndunge alitazama geji ya mafuta, iliyokufa kabla ya Nzuki. Jana aliondoka kwa Apiyo bila kuweka hata tone, akaenda Kawangware na kurudi mara mbili, na leo tena, na katika kuimba kote huko hakukumbuka kuongeza.

"Tangi ni kavu," Khaemba alisema. Hakucheka. Alitazama juu kwa muda, na ilionekana kujizuia ni kazi ngumu, kisha akachukua jerikeni nyuma na kuondoka kwa miguu kutafuta kituo.

Ndunge alibaki na honi. Alijaribu kulaumu geji, akajaribu kumlaumu Apiyo, akasikia sauti ya Nzuki kichwani mwake ikifanya kazi hiyo vizuri zaidi yake, akaacha. Khaemba aliporudi, alimkuta amesimama kando ya tangi, akiangalia upande mwingine.

"Hiyo ya mafuta ni mimi," alisema Ndunge.

"Sawa, Mama."

"Usiniambie sawa." Alimwacha aanze kumimina. "Wazee wa kwenu wakitoka kuja kuposa, huwa wangapi?"

"Kuja wapi?"

"Wewe unafikiri nauliza kwa nini? Nataka kujua viti."

Khaemba alimimina petroli juu ya kiatu chake. "Kama kumi na wawili hivi," alisema.

"Waje wanane. Na angalia unapomwaga."