Mgeni Aliyebeba Vikombe

Kitu cha kwanza alichokiona Ruqaiya ni kwamba sakafu ilikuwa imepigwa deki vibaya, michirizi ya sabuni imekauka hadi mlangoni. Nairobi mtu angeitwa na meneja kwa hilo. Mengine yote yalikuwa yaleyale: viti vilevile, taa zilezile, kana kwamba mgahawa wa kule anakofanya kazi umeng'olewa na kupandikizwa hapa Bugolobi.

Maimunah, dada wa mchumba wake, alimkalisha dirishani. Ruqaiya alikuwa ameletwa Kampala ili ukoo wa mume umtazame. Jibu la wazee lingetoka Ijumaa. Nyumbani kwa wakwe, Kisugu, walikuwa wakimsifu tangu afike: binti wa Kibra, mpole, ana kazi kwenye mgahawa mkubwa wa kahawa. Kazi gani, hakuna aliyeuliza. Naye akanyamaza.

"Leo wewe ndiye mwenyeji," Maimunah alisema. "Sisi huku tunajua chai tu. Agiza, bibi arusi."

Ruqaiya aliacha shule darasa la nne. Aliyatazama yale majina marefu ya Kizungu kwenye menyu, kisha akaweka kidole kwenye picha.

"Hii. Mbili."

"Muone! Hata hasomi, amezoea!"

Kahawa ilikuja na povu juu. Ilikuwa chungu. Ruqaiya aliimeza kama dawa, huku mwenzake akizungumzia nguo za arusi.

Maimunah alipoweka kikombe chini, mikono ya Ruqaiya ilianza kazi yenyewe. Ikakusanya vikombe, ikachukua na vya meza ya jirani, ikapangusa makombo. Miguu ikaizunguka kaunta, na mlango wa jikoni akausukuma kwa nyonga, kama afanyavyo kila siku.

"Nyabo, bibi, unaenda wapi?" mhudumu alipiga kelele. "Kazi yangu unaitaka?"

Wapishi waliangua kicheko. Wateja wakageuka.

Ruqaiya alisimama palepale mlangoni, vikombe mikononi. Maimunah alimfuata, mtandio mdomoni, naye akicheka. Alipomwona uso, akaacha.

"Wifi. Kule Nairobi wewe unafanya nini hasa?"

Angeweza kusema ni adabu tu ya kwao, na angeaminiwa. Alizungumza akitazama sakafu.

"Naosha vikombe, wifi. Naingilia mlango wa nyuma. Kahawa yao nimeionja leo."